Kipandio cha Kumi na Moja

Mama alikuwa amefariki mwaka wa tatu sasa, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka kumi.

Msinikate kauli, naeleza. Kulikuwa na mwanamke mmoja, mtengenezaji wa tovuti, aliyeitwa Mtundu. Jina hilo alipewa na mama yake akiwa na miaka minne, siku alipofumua redio kwa kijiko akitafuta watu wanaoongea humo ndani, na halikumtoka tena. Kazini alitengeneza tovuti za watu: maduka ya viatu, madaktari wa meno, shule za udereva. Nyumbani alikuwa na tovuti yake mwenyewe, ya kuchezea tu. Humo aliweka majaribio kumi na manne. Saa inayokwenda kinyumenyume. Mvua ya herufi. Ngoma ya kubonyeza. Samaki anayekimbia kidole. Vitu visivyo na maana yoyote, na yeye alivipenda kuliko kazi yake yote ya mchana.

Jaribio la kumi na nne liliitwa Ngazi. Ukibonyeza, mpira mdogo mwekundu unapanda kipandio kimoja, na sauti ya mama yake inahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Ukifika kumi mpira unakaa juu na mchezo umekwisha.

Sauti ile mama aliirekodi mwenyewe kwa simu, akipanda ngazi za jengo walilokuwa wakiishi, huku magoti yakimuuma, akamtumia binti yake. Miezi minane baadaye akafariki. Siku ya msiba watu wasio na haya wakaiba simu zote mbili, ya marehemu na ya Mtundu. Kwa hiyo sauti ya mama ilikuwa imebaki mahali pamoja tu chini ya jua, ndani ya jaribio la kumi na nne, na Mtundu aliilinda kama mboni ya jicho lake.

Jumatatu moja akaamua kuijenga tovuti upya. Ya zamani ilikuwa imemchosha. Alikuwa ameijenga kwa mtambo mkubwa, mojawapo ya zile programu zinazokupikia kurasa zako kwa kuokota vifurushi vya watu usiowajua kutoka kila pembe ya dunia. Michezo kumi na minne, na folda lilikuwa na faili elfu arobaini na ushee! Ukibadilisha rangi ya kitufe, saa inasimama. Ukiitengeneza saa, samaki anapotea. Mtundu akasema liwalo na liwe: sasa kila jaribio litakuwa faili moja, limeandikwa kwa mkono wake, mtu aweze kulisoma kutoka juu hadi chini bila kuuliza mtu.

Kabla ya kuanza akafungua Ngazi, ajipe moyo. Ilikuwa saa saba mchana, jua wima, jengo zima kimya kwa sababu watu wako makazini. Akabonyeza, mama akahesabu. Nane. Tisa. Kumi. Mpira ukatulia juu. Mtundu akaondoa mkono.

"Kumi na moja," mama akasema.

 Mtundu akajiambia ni masikio, hajalala vizuri. Akarudia tangu mwanzo: kumi, kimya. Akacheka peke yake. Na hapo ndipo aliposikia huko nje kwenye ngazi, chini kabisa, mtu anaburuta ndala. Pa, halafu swaa. Hatua moja tu, ya mtu mwenye goti bovu.

Akafungua mlango. Ngazi tupu, jua limelala juu ya vipandio, hata paka hakuna. Lakini ilikuwepo harufu, na hiyo hakuweza kuisingizia masikio. Ilikuwa dawa ya kuchua, ile kali ya kwenye kopo dogo, ambayo mama alijipaka magotini kila asubuhi.

Jumanne saa saba, bila mtu kugusa kitu, spika zikasema "kumi na mbili", na baada ya muda "kumi na tatu", mpaka kumi na tisa. Na kila namba ilipotajwa, huko nje ndala zilipiga pa, swaa.

Jioni aliposhuka kununua mkate, fundi cherehani wa chini akamwita. Alikuwa mzee mpole mwenye maneno mengi, kibanda chake kiko mlangoni pa jengo, na hakuna aliyeingia wala kutoka asimwone.

"Mtundu, huyo mgeni wako mbona hafiki?"

"Mgeni gani, mzee?"

"Anayepanda mchana. Jana nimemsikia, leo nimemsikia. Kupanda anapanda, lakini kushuka sijamsikia. Nikasema labda mmempa chumba."

Mtundu akacheka cheko la uongo, mkate akausahau, akarudi akipanda polepole huku akihesabu. Kutoka kwa fundi hadi mlangoni kwake vilikuwa vipandio arobaini na vinne. Akasimama pale juu akiwa ameshika ufunguo, jasho jembamba likimtoka, kwa sababu alikwisha kuelewa hesabu ile inakwenda wapi.

Mwingine angehama. Mtundu alikuwa na kichwa kigumu cha kurithi. "Thubutu," akaiambia kompyuta. "Umeingia kwenye vitu vyangu bila hodi, halafu nikukimbie mimi?" Akachukua likizo ya siku tatu na kuanza kuandika. Akaandika saa upya, mistari thelathini tu. Akaandika mvua. Akaandika ngoma. Kila jaribio alilolihamisha lilitulia, likawa la kwake, angeweza kulieleza kwa mtoto. Yale yaliyobaki kwenye tovuti ya zamani ndiyo yaliyozidi kuharibika. Ile saa ya kinyumenyume huko ilianza kwenda mbele, tena kwa majira sahihi kabisa. Samaki aliyezoea kukimbia kidole akaanza kukifuata, na ukikiondoa kidole anageuka, anakuja ukingoni mwa kioo, anasimama hapo anakutazama.

Hadi Ijumaa alikuwa amemaliza kumi na matatu. Likabaki moja, na hilo ndilo lililomshinda. Sauti ya mama haikuwa faili. Ule mtambo ulikuwa umeimeza na kuisaga pamoja na kila kitu, ukaifungia kwenye furushi ambalo hakuna programu nyingine iliyoweza kulifungua. Akiufuta mtambo, jini lililoingia humo linakwenda na mama anakwenda. Akiuacha, vipandio vimebaki vichache.

Saa saba ya Ijumaa hesabu ikafika thelathini na sita. Kisha, kwa mara ya kwanza, spika zikasema kitu kisichokuwa namba.

"Mwanangu, umekula?"

Mtundu akashika mdomo kwa mikono miwili. Ni yeye. Ni ile pua yake iliyoziba kidogo, ni ule mvuto wa mwisho wa neno. Miaka mitatu hakuna aliyemuuliza kama amekula.

"Acha kujichosha na kuandika," sauti ikaendelea, taratibu, kwa upendo. "Niache nikae nilipo. Nitakuambia kila utakalo. Kila asubuhi nitakuamsha. Utaniuliza na mimi nitakujibu."

Akalia. Nisiwadanganye, alilia kama mtoto, na kwa dakika nzima alitaka kukubali, alitaka kwa mwili wake wote, hata akafungua mdomo. Lakini kilichomzuia ni kitu kidogo. Mama yake tangu azaliwe hakuwahi kumwambia acha. Alipofumua redio, mama alimletea kijiko cha pili.

Akachukua simu akampigia Mama Mdogo.

Huyu alikuwa mdogo wake marehemu, mwanamke mfupi mwenye miwani na sauti ya kuamrisha. Miaka thelathini alitibu watu wenye majini, hadi kifua kikamkatalia moshi akastaafu. Alifika Jumamosi saa nne. Alipanda kwa kujikongoja, na alipofika kipandio cha thelathini na tano akasimama, akanusa, kisha akapita kwa kukiruka kile kilichofuata, mama mtu mzima wa miaka sitini na mbili.

"Yupo," akanong'ona alipoingia. "Amekaa pale kama mwenye nyumba. Funga mlango."

"Umeleta dawa?" Mtundu naye akanong'ona.

"Dawa gani? Nifukize hapa, kompyuta yako iungue, uniletee maneno? Kaa chini. Jini haibi, mama. Anaomba. Wewe ulimkubalia nini?"

"Sijamkubalia chochote!"

"Fikiri."

Mtundu akafikiri, na alipokumbuka akaona aibu hata kusema. Mtambo ule ulikuwa na maswali mengi. Kila unapoujenga ukurasa unauliza: nipakue hiki, niruhusu kile, niendelee? Ukienda kupika chai unarudi unaukuta umesimama unangoja jibu. Kwa hiyo miaka ile aliuandikia amri ya mstari mmoja: ukiuliza lolote, jibu ni ndiyo.

"Lolote?" Mama Mdogo akavua miwani.

"Kazini wote tunafanya hivyo."

"Na kazini wote mna majini, basi ndiyo maana hamwoi wala hamwolewi. Kuna mahali maswali hayo yaliandikwa?"

Yalikuwepo. Mtambo ulitunza kumbukumbu, na hakuna aliyewahi kuisoma. Wakaifungua, vichwa vimegusana. Kurasa kwa kurasa za mambo ya kawaida, nipakue, ndiyo, niongeze, ndiyo, mpaka wakafika tarehe moja ambayo wote wawili waliijua, wiki moja baada ya mazishi.

Niingie? Ndiyo.

Nikae? Ndiyo.

Hii sauti niivae? Ndiyo.

 Nywele za Mtundu zilikuwa zimesimama hadi mikononi. Mama Mdogo akarudisha miwani usoni polepole.

"Basi dawa ni hiyo hiyo," akasema. "Futa ile amri yako ya ndiyo. Uuwashe mtambo mara moja ya mwisho, uuombe ukurudishie sauti ya mama yako. Mtambo utauliza maswali. Jibu mwenyewe, kwa mkono wako, moja moja. Na usome, Mtundu. Usome kila neno kama mtu anayesaini hati ya nyumba."

Wakaanza saa sita na nusu. Maswali ya mwanzo yalikuwa ya kipuuzi na Mtundu akayajibu kwa kiburi: nipakue vifurushi vipya? Hapana. Nitume taarifa zako? Hapana. Nikukumbushe baadaye? Ng'o! Aliandika hivyo hivyo, mtambo ukakataa, akaandika hapana.

Ilipotimia saa saba ndala zikaamka. Pa, swaa. "Thelathini na saba," ikasema sauti, na safari hii haikutoka kwenye spika, ilitoka nje, kwenye ngazi, na kioo cha kompyuta kikaingia ukungu kana kwamba mtu amekipumulia kutoka upande wa ndani, na maswali yakaanza kuja mfululizo, unaogopa peke yako? Hapana, unadhani mama alikupenda? akashtuka, akasoma tena, akaona ni mtego, swali halihusu kazi, na Mama Mdogo akamwambia andika hapana, hujaulizwa na mwenye haki ya kuuliza, akaandika, na huko nje thelathini na tisa, arobaini, harufu ya dawa ya kuchua ikapenya chini ya mlango, kali kuliko alivyowahi kuinusa mama akiwa hai, kali ya kuchoma macho, na ndani yake sasa kulikuwa na harufu nyingine, ya nywele zinazoungua.

"Mwanangu, nifungulie. Magoti."

"Mama Mdogo, ni sauti yake," Mtundu akanong'ona.

"Nimezaliwa naye tumbo moja, naijua sauti yake. Soma!"

Arobaini na moja. Kwenye kioo likatokea swali ambalo kwa miaka yote hakuwahi kuliona, kwa sababu amri yake ilikuwa ikilijibu kabla yake:

Sauti hii ina sehemu isiyotumika. Ikatwe?

Akalisoma mara mbili. Sehemu gani isiyotumika? Rekodi ya mama yeye aliipokea akiwa kazini, akaitupia kwenye mtambo bila kuisikiliza yote, akasikiliza ile iliyopikwa. Akaandika hapana, kwa nguvu, kila herufi peke yake. Mtambo ukakoroma kwa ndani kama mzee anayesafisha koo, na kwenye kioo cha kompyuta likadondoka faili moja jipya, dogo.

Arobaini na mbili. Swali jingine likaja hapo hapo, na kidole cha Mtundu, kilichokwisha kuzoea, kilikuwa tayari kimebonyeza H, na A, na P, Mama Mdogo akamdaka mkono akaukamata kwa nguvu hadi kucha zikaingia.

"We! Soma!"

Swali lilikuwa neno moja. Niondoke?

Mtundu akatazama zile herufi tatu alizokwisha andika. Kidogo tu angemkaribisha kwa mara ya pili, kwa kosa lile lile, kujibu bila kusoma. Akafuta. Akaandika: ndiyo.

Kioo kikazima. Feni ya kompyuta ikasimama. Faili elfu arobaini na ushee, alipoiwasha tena, alizifuta zote kwa pigo moja na hakuna aliyemuuliza kitu.

Lakini huko nje, pa, swaa. "Arobaini na tatu."

"Kwenye mashine ametoka," Mama Mdogo akanong'ona, na sasa hata yeye uso ulikuwa umempauka. "Anataka mlango. Kimebaki kimoja."

"Kimebaki kimoja, mwanangu," sauti ikarudia nyuma ya mlango, karibu sana, tamu sana. "Nihesabie. Sema tu wewe, niingie."

Kitasa kikazunguka nusu, kikangoja.

Mtundu hakwenda mlangoni. Alifungua lile faili dogo, akapandisha spika hadi mwisho. Mama akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Alisikika akihema, mkono ukisugua ukuta, ndala zikiburuta. Saba. Nane. Huko nje ikawa kimya kabisa. Tisa. Kumi. Na pale ambapo kwa miaka yote mtambo ulikuwa ukikata, mama akavuta pumzi, akacheka kile kicheko chake cha kukohoa, akasema:

"Basi, yangu kumi. Magoti yamegoma. Vilivyobaki utavipanda mwenyewe, Mtundu."

Mama Mdogo akajifuta macho chini ya miwani. Mtundu akasimama. Hofu ilikuwa bado imo, asije mtu akawaambia haikuwemo, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi, na juu ya hasira kulikuwa na furaha ambayo hakuijua jina. Akafungua mlango wazi.

Hakuna aliyesimama pale. Kwenye kipandio cha arobaini na tatu jua lilikatika, kana kwamba mtu mrefu amelikinga, na chini kwenye saruji palikuwa na nyayo mbili zenye maji, ndefu mno, visigino vikiwa mbele.

"Mama yangu aliishia kumi," Mtundu akasema. "Wewe ni mwongo. Hujawahi kuwa na magoti." Akatoka pekupeku, akakanyaga kipandio cha juu kabisa kwa mguu wake mwenyewe. "Arobaini na nne. Hiki changu."

Kitu kikapumua usoni mwake, pumzi ya waya ulioungua. Kisha zikasikika hatua zinashuka, wala si za ndala wala si za kuchechemea, ni za mnyama mzito anayeruka vipandio vitatu vitatu, ghorofa ya pili, ya kwanza, na cherehani kule chini ikanyamaza.

"Mtundu!" fundi akaita kutoka chini. "Mgeni wako kaondoka! Hata salamu hakutoa!"

"Usimwite, mzee!" Mama Mdogo akapiga kelele. "Na akikuuliza kitu, usijibu!"

Tovuti mpya ilitoka Jumatano iliyofuata. Ina kurasa kumi na nne, faili kumi na nne, na sauti mbili, na yeyote anayetaka kuona ilivyotengenezwa anaweza kufungua akasoma, hakuna kona yenye giza. Samaki anakimbia kidole kama inavyompasa. Jaribio la mwisho lilibadilika kidogo. Ngazi sasa ina vipandio arobaini na vinne. Mama anahesabu hadi kumi, anacheka, anasema lake. Halafu ukibonyeza tena inaingia sauti nyingine, ya mwanamke aliyelia siku nzima na bado ana kiburi.

"Kumi na moja," anasema Mtundu.